GT7 imeipita Sport ila intaneti inakera

Mhariri, wanaosema gemu ya mbio za magari Gran Turismo 7 (GT7) ya 2022 ni ileile Gran Turismo Sport ya 2017 iliyopakwa rangi mpya nadhani hawajaicheza vizuri. Kwenye Sport ukianza mbio jua linabaki palepale mpaka mwisho, ila humu unaanza lami kavu mara mawingu hayo, mvua inashuka, tairi zinateleza na inabidi uamue fasta unaingia piti kubadili tairi au unakomaa, hapo ndo raha yenyewe bana. Magari zaidi ya 400, na duka la yaliyotumika limerudi, safi sana. Kinachoniudhi ni intaneti, yaani hata ukicheza peke yako sehemu kubwa ya gemu inadai mtandao! Sport nayo ilikuwa hivyohivyo, sa mbona hawajarekebisha? Watuachie tucheze hata mtandao ukikata.

Mpenzi wa gemu za magari