Globu ya waya ikiungua hatubadilishi, na sababu ni hii

Haipiti wiki bila mteja kurudi dukani na globu ameifunga kwenye kipande cha gazeti. "Nimeinunua hapa hapa mwezi uliopita, imeshakufa." Tunaitikisa karibu na sikio, waya unagonga kioo kwa ndani, chri, chri. Ingekuwa ya LED tungempa nyingine, ina waranti ya mwaka. Ya waya hatumpi, na huwa anaondoka amenuna. Basi tueleze.

Ndani ya globu ya waya kuna uzi wa tungsteni mwembamba kama unywele, umesokotwa. Umeme ukipita, unapata moto zaidi ya nyuzi joto 2,500 ndipo unang'aa. Kwa moto huo tungsteni inaisha kidogo kidogo, kama kipande cha sabuni bafuni. Ule weusi unaouona kwenye kioo cha globu iliyotumika sana ni waya wenyewe umehamia pale. Sehemu iliyokonda kuliko nyingine hupata moto zaidi, hivyo hukonda upesi zaidi, mpaka siku unabonyeza swichi, pap! Mara nyingi hufa wakati wa kuwashwa, kwa kuwa waya uliopoa huvuta umeme mara kumi au zaidi ya ule uliokwisha kupata moto.

Nyingi zimetengenezwa kuishi saa 1,000 hivi. Ukiiwasha kwa muda wa saa tano kila usiku, ni siku 200. Hapo umeme uwe umetulia. Soma maandishi juu ya kioo: utakuta nyingi ni 220V, wakati umeme wetu ni volti 230, na kuna nyumba zinapata 240. Globu ya 220 ukiilisha 240, umri wake unabaki kama theluthi moja. Kwa hiyo zikikufia mfululizo nyumba nzima, usije kununua nyingine. Mwite fundi apime volti na kuangalia nyutro, ule waya unaorudisha umeme. Nyutro ikilegea, baada ya globu inafuata friji.

(Kuna wanaotuonyesha kwenye simu ile globu ya kituo cha zimamoto cha Livermore, California, inayowaka tangu 1901. Ipo kweli. Ila siku hizi mwanga wake ni kama wa wati 4, na ni nadra sana kuzimwa. Kwa mwanga ule mtoto hasomi.)

Maumivu yenyewe yako kwenye LUKU. Globu ya wati 60, kwa saa tano hizo hizo, inakula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9, yenye mwanga unaolingana nayo, haifikishi uniti moja na nusu. Na katika zile uniti 9, kinachotoka kama mwanga ni kama asilimia 5 tu. Kilichobaki chote ni joto, ndiyo maana ukiigusa inakubabua.

Joto hilo ndilo linatufanya tuendelee kuziweka kwenye shelfu, kwa ajili ya wafuga kuku. Mama mmoja mteja wetu alitaka kubana matumizi, akafunga LED kwenye banda la vifaranga. Asubuhi akawakuta wamerundikana kona moja, wa chini wamekufa. Banda lilikuwa jeupe pee, lakini la baridi.

Mama, kwa vifaranga chukua ya waya, wati 60 au 100 kulingana na idadi yao, uining'inize kwa kamba au mnyororo unaoweza kupandisha na kushusha, mbali na maranda yasije yakashika moto. Wakijibana chini ya taa, ishushe kidogo. Wakikimbilia pembeni huku wanahema, ipandishe. Na chukua mbili. Taa ya vifaranga ikiwaka usiku na mchana, saa 1,000 ni siku 41 tu, na ikiungua saa nane usiku sisi tumeshafunga.