Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Anayecheza Raga Ufaransa

Mpwa wangu,

Nimeyasikiliza mahojiano yako hadi mwisho. Ulizungumza vizuri, na ulipoeleza jinsi mji wenu mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa unavyoipenda raga kuliko soka, nilifurahi, kwa sababu najua ulitamani mahali pa namna hiyo tangu utotoni. Kisha mtangazaji akakuuliza kuhusu familia, nawe ukajibu kwamba kuna mtu wa ukoo aliyetaka kuizima nyota yako kabla haijawaka. Hukunitaja jina, wala hapakuwa na haja. Tangu jioni ile simu yangu haijatulia, na hata shemeji zangu wa Vihiga, ambao hawajui skramu ni nini, wananiuliza nilikufanyia nini. Kwa kuwa uliyasema hadharani, nami nakujibu hadharani.

Sitahesabu viatu, nauli wala karo, kwa maana mjomba anayemhesabia mpwa wake vitu hivyo amejivunjia heshima mwenyewe. Nitakukumbusha tu ile Jumapili ya Aprili 2016, Shujaa, timu yetu ya taifa, walipoichapa Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore na kuipa Kenya ushindi wake wa kwanza katika msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba. Ulitoka mbio ukalizunguka boma zima ukipiga kelele, nyanya yako akadhani nyumba inaungua. Ulisema utakuwa Collins Injera, winga wao. Nilikuambia kwamba kwa mabega yale na kwa ukaidi ule utakuwa flanka, mkabaji wa kundi la mbele, si winga wa kukimbia pembeni, ukanuna siku nzima. Leo unacheza flanka. Mtu anayetaka kuzima nyota hamtafutii mtoto nafasi inayomfaa.

Sasa tuje kwenye uwanja ule. Unaujua, na siku unaijua. Ilikuwa kipindi cha pili, ukainama kumkaba yule kijana mrefu, na kichwa chako kikawa upande usiofaa. Goti lake likakupata juu ya sikio. Wengine waliokuwa pembeni waliutazama mpira. Mimi nilikutazama wewe, nikaona mikono yako imekakamaa hewani ukiwa chali, kama ya mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Ulipoinuka ulielekea upande wa wapinzani ukasimama katika safu yao. Mtu akakumwagia maji kichwani, mwingine akapaza sauti kutoka kwenye benchi kwamba uko sawa, na mchezo ukawa unataka kuendelea. Hapo ndipo nilipovuka mstari, nikaenda hadi kwa mwamuzi nikamwambia kwamba huyu hachezi tena leo. Nawe ukanisukuma kifuani kwa mikono miwili, mbele ya wenzako na mbele ya yule wakala wa kusaka wachezaji mwenye daftari, ukaniambia nitoke nisikuaibishe. Watu wakacheka. Mwamuzi, Mungu ambariki, hakucheka. Alikutazama machoni, akakutoa.

Wakala aliondoka kabla ya filimbi ya mwisho, na ukasubiri msimu mzima kabla ya mwingine kuja. Nadhani huo ndio unaouita kuzimwa kwa nyota. Mimi nauita msimu mmoja. Kanuni ya raga duniani ni kwamba mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutolewa uwanjani, na pale pasipo na daktari maalumu wa kumpima kando ya uwanja harudi tena siku hiyo, hata aseme mwenyewe kwamba anajisikia vizuri. Kijana akipigwa mara ya pili kabla ubongo haujapona, unaweza kuvimba na kumuua. Steve Thompson alikuwa katika safu ya mbele ya Uingereza iliposhinda Kombe la Dunia mwaka 2003. Mwaka 2020, akiwa na miaka 42, alieleza kwamba ana maradhi ya kupoteza kumbukumbu na kwamba hakumbuki kulitwaa kombe hilo. Wewe mwenyewe hukumbuki ulivyonisukuma. Nilipokuuliza jioni ile, ulinitazama kwa mshangao, ukadhani nimetunga. Baadaye wenzako wakakusimulia, nawe ukachagua kukumbuka nusu ya hadithi inayonihusu mimi.

Wapo wanaosema kwamba mtazamaji haruhusiwi kuingia uwanjani. Ni kweli, haruhusiwi. Ningeingia tena kesho, na hata ungenisukuma hadi nianguke, ningeinuka nikasimama palepale, kwa sababu kila mtu wa benchi lenu aliyekuwa na mamlaka ya kukutoa alikuwa na sababu ya kutaka ubaki.

Na si kweli kwamba nilipinga safari yako ya Ufaransa. Raga ya wachezaji 15 iliruhusu malipo Agosti 1995, nikiwa bado na magoti mawili mazima, lakini sisi tuliendelea kucheza kwa nauli na chupa ya soda, na asubuhi ya Jumatatu tulichechemea kwenda kazini. Najua nyumbani kunalipa nini. Mwaka 2018 jijini Paris wachezaji wa Shujaa walifunika nembo ya mdhamini kwenye jezi zao wakidai haki yao. Benjamin Ayimba, kocha aliyetupa Singapore, alipolazwa mwaka 2021 kwa malaria ya ubongo, ndugu na watu wa raga walilazimika kuchangisha pesa za matibabu, na hatukumpata tena. Mtu aliyeyaona hayo angewezaje kukuambia ubaki?

Nilichokuambia mezani kwa mama yako, ukaondoka bila kumaliza chai, kilikuwa kwamba ujue wananunua nini. Klabu za Top 14, ligi kuu ya Ufaransa, hutakiwa kuwa na wastani wa wachezaji wasiopungua 16 kati ya 23 wa kikosi cha mechi ambao wamefundwa raga Ufaransa. Wenyewe huwaita JIFF. Kijana wa kigeni akiingia mapema katika kituo cha mafunzo na kukaa misimu mitatu, naye huhesabiwa humo, na bei yake hupanda ghafla. Ndiyo sababu walikutaka ukiwa na miaka 19, na ndiyo sababu hawakumtaka nahodha wako aliyekuwa na miaka 25 na aliyekuzidi kwa kila kitu isipokuwa umri. Uliona ninakudharau. Nilikuwa nikikueleza thamani yako, jambo ambalo wakala hakulifanya kwa kuwa yeye hula katika pengo hilohilo la kutojua kwako.

Basi nikushauri, ingawa hukuniomba. Kikosi cha vijana cha espoirs si mwisho wa safari, na wengi wa wale unaofanya nao mazoezi hawatapanda hadi timu ya kwanza, wakiwamo wenye vipaji. Jifunze Kifaransa cha darasani, si cha chumba cha kubadilishia nguo pekee. Soma kitu, hata kama ni ufundi umeme. Na hao wanaokunong'oneza kuhusu jezi ya Ufaransa, waulize kama wanajua kwamba sasa sharti la ukaazi kwa mchezaji wa kigeni ni miezi 60 mfululizo wala haiwezi kukatizwa kirahisi, na kwamba mechi moja tu ya timu ya wakubwa ya Kenya itakufunga kwa Kenya. Kenya haijawahi kucheza Kombe la Dunia la wachezaji 15. Mwaka 2022 tulishindwa na Namibia katika fainali ya Afrika, tena hukohuko Ufaransa, kisha tukamaliziwa Dubai katika mchujo wa mwisho. Sikuambii uchague nini. Lakini nitakapokuona na jezi nyekundu ya Kenya, nitavuka mstari mara ya pili, safari hii nikukumbatie.

Mama yako ameniambia kwamba mwezi uliopita ulikaa nje ya mazoezi kwa sababu ya maumivu ya kichwa, na kwamba uliwaficha madaktari wa klabu kuhusu lile pigo la huku nyumbani. Hilo ndilo lililonifanya niandike, kuliko hata mahojiano. Waambie. Waeleze tarehe, mikono ilivyokakamaa, na safu uliyosimama. Kama hukumbuki, waonyeshe barua hii wakatafsiriwe. Na mkataba wako unapokwisha Juni, nitumie huo mpya kabla hujatia saini, kila ukurasa, hasa ule wa bima na ule unaosema nani hulipa ukiumia. Ukitaka kunitukana, nitukane mimi mwenyewe kwenye simu. Usimtume mama yako, amechoka kubeba maneno yetu.

Mjomba wako,
Kakamega