Dunia na Mwezi, nani anamvuta mwenzake zaidi?

Mhariri,

Mjukuu wangu wa kidato cha pili alirudi kutoka tuisheni amenuna. Swali liliuliza: kati ya Dunia na Mwezi, nani anamvuta mwenzake kwa nguvu zaidi? Akaandika kwamba vinavutana sawasawa. Akawekewa kosa, na pembeni kwa wino mwekundu: "Dunia, kwa sababu ni kubwa."

Niruhusu nimtetee. Kanuni ya mvutano aliyoitoa Isaac Newton mwaka 1687 haina tungamo (yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu) moja, ina mawili, na yanazidishwa: tungamo la hiki mara tungamo la kile, kisha unagawanya kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Uanze na Dunia, uanze na Mwezi, jibu halibadiliki, kama vile tatu mara tano na tano mara tatu.

Mbona basi Mwezi ndio unaozunguka? Tuseme pale Feri umefunga kamba kati ya mtumbwi na pantoni, ukaivuta. Kamba ni moja na mkazo wake ni mmoja, lakini mtumbwi ndio utakaokuja mbio. Pantoni itasogea kidogo mno usione. Tungamo la Dunia ni kama mara 81 ya lile la Mwezi, kwa hiyo Dunia nayo huyumba, ila kwa kiasi kidogo mara 81. Vyote viwili huzunguka nukta moja, na nukta hiyo imo ndani ya Dunia, takribani kilomita 4,700 kutoka kiini chake. Huo Mwezi "mdogo" ndio unaotuletea bamvua, waulize wavuvi.

Wala mvutano si wa sayari peke yake. Magunia mawili ya mchele pale Tandale, kilo 50 kila moja, yakiachana mita moja, yanavutana kwa nguvu iliyo chini ya uzito wa punje ya chumvi. Moja likiwa la kilo 100, nguvu inakuwa mara mbili. Yote mawili yakiwa ya kilo 100, mara nne. (Mwenye duka hataona kitu, msuguano wa sakafu unatosha kuyazuia.) Henry Cavendish aliupima mvutano wa namna hiyo kwa matufe ya madini ya risasi, akatangaza matokeo mwaka 1798.

Mtoto kakatwa alama mbili. Ukiichapa barua hii, nitamkatia kipande cha gazeti aende nacho Jumatatu.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Kigamboni, Dar es Salaam