Baba, jina la Erroll lilipita kwa mabinti

Aberdeen, Uskoti
Jumapili jioni

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo Baba. Mimi huku sijambo, baridi imeanza kulegea, na kazi yangu ya kutunza wazee inaendelea. Mwambie Mama pesa za dawa nilizituma Alhamisi kwa simu ya mdogo wangu. Kama bado hazijamfika aniambie mara moja.

Nimeona bora nikuandikie kwa mkono, maana tukipigiana simu laini hukatika nikiwa sijafika ninakokwenda, na ninalotaka kukwambia leo ni refu. Limetokana na neno ulilolisema mwezi uliopita, siku ami alipokuwa ameketi nawe barazani. Ulisema, "Mimi Mungu amenipa wasichana wanne, Alhamdulillahi, lakini jina langu naliona linakwenda nami kaburini." Ami akaitikia, "Ndivyo, nyumba isiyo mwana wa kiume hufungwa." Mimi nikanyamaza kwa adabu. Neno hilo sijaweza kulilaza.

Unamkumbuka lodi wa Naivasha? Enzi zako za lori, ulipokuwa ukitoa mizigo Kilindini kupeleka Naivasha na Nakuru, ulikuwa ukitusimulia habari za jumba jeupe kando ya ziwa, lenye kuba na mnara kama la Waarabu, ambalo watu waliliita Jumba la Majini. Ukatusimulia pia habari za mwenyewe, lodi wa Kizungu aliyekutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake kule Karen, usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, na muuaji hakujulikana mpaka leo. Ile safari uliyonichukua nikiwa na miaka tisa, tulipofika Karen ulipunguza mwendo ukanionyesha kwa kidole, nikafumba macho kwa woga.

Basi huyo lodi, Baba, kwao ni hapa. Alikuwa Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll. Earl ni cheo cha malodi kinachorithiwa katika ukoo. Mimi nimeishi saa moja tu kutoka kwenye ngome ya babu zake kwa miaka mitatu bila kujua. Aliyenifungua macho ni bibi mmoja ninayemhudumia, mwenyeji wa Cruden Bay, kijiji cha pwani kaskazini ya Aberdeen. Bandari yao ndogo mpaka leo inaitwa Port Erroll. Nilipomwambia mimi natoka Kenya, akaniuliza kama kwetu tunalijua jina la Erroll. Nikamwambia nalijua tangu utotoni, kwa mdomo wa baba yangu. Alifurahi akanishika mkono asitake kuuachia, akaanza kunisimulia.

Jumanne nilikuwa ofu, nikapanda basi nikaenda kujionea. Ngome inaitwa Slains. Imebaki gofu, kubwa, limesimama ukingoni mwa jabali na chini yake bahari inapiga mawe. Paa hakuna. Earl wa 20 aliiuza mwaka 1916, na mwaka 1925 ikaezuliwa. Nilisimama katika chumba kimoja chenye dirisha lisilo na kioo wala mbao, na upepo ukaingia kwa nguvu nikashika ushungi kwa mikono miwili. Sakafuni majani yameota. Kwenye ukuta, juu kabisa ambapo mtu hawezi kufika, kuna meko ya moto ya chumba cha ghorofani. Ghorofa imeondoka, meko imebaki ikining'inia hewani, na ndege wa baharini wamejenga humo. Nikakumbuka magofu ya Gedi uliyotupeleka, ila huku hakuna mti hata mmoja wa kukupa kivuli.

Sasa sikiliza asili yao. Wenyewe wana hadithi kwamba zamani sana, Waskoti walipokuwa wakipigana na Wadenmaki mahali panapoitwa Luncarty, jeshi lao likaanza kukimbia. Mkulima mmoja na wanawe wawili walikuwa wakilima hapo karibu. Wakaifungua nira shingoni mwa ng'ombe, wakasimama njiani, wakawapiga kwa nira hiyo wenzao wote waliokuwa wakikimbia, mpaka jeshi likageuka likashinda. Mfalme akamwambia mkulima, mwachie ndege kozi aruke, na ardhi yote atakayoipita kabla ya kutua ni yako. Wanahistoria wanasema ukoo huu ulitoka Normandy huko Ufaransa, na ardhi ya Erroll, iliyo jimbo la Perthshire, waliipata karne ya 12 kwa kumtumikia mfalme. Lakini hadithi ya nira ndiyo waliyoishika wenyewe. Nembo yao ina ngao tatu nyekundu, na wanaoishikilia nembo kulia na kushoto ni wakulima wawili wenye nira mabegani. Maneno yao ya Kilatini, Serva jugum, maana yake ni "itunze nira". Nimelipenda hilo. Watu wakubwa kiasi hicho, na wamechagua kukumbukwa kwa kifaa cha shambani.

Ukubwa wenyewe ulikuja kwa Sir Gilbert Hay, aliyekuwa upande wa Robert the Bruce katika vita vya kuikomboa Uskoti kutoka mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1314, mwaka ule ule wa ushindi wa Bannockburn, Bruce alimpa ukonstebo mkuu wa Uskoti, yeye na kizazi chake milele. Usidhani ni konstebo wa kituoni, Baba. Konstebo Mkuu ndiye aliyelinda mwili wa mfalme, na vurugu yoyote ya kumwaga damu ikitokea ndani ya maili 4 kutoka alipo mfalme, hakimu ni yeye. Cheo cha Earl kilifuata mwaka 1452, wakati wa Mfalme James II. Tangu hapo vyeo viwili hivyo vimekwenda pamoja, na hata Mfalme Charles III alipotawazwa mwaka 2023, Earl wa Erroll alikuwepo kama Konstebo Mkuu. Miaka mia saba na zaidi.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Katika miaka hiyo mia saba, mstari wa wanaume ulikatika. Earl wa 11 hakuwa na mtoto. Mwaka 1666 alikirudisha cheo kwa mfalme na kukipokea upya, kwa hati iliyomruhusu kutaja mwenyewe nani arithi, na katika mpango wake wanawake hawakufungiwa mlango. Cheo kikaenda kwa binamu, kisha kwa mwana wa binamu. Huyo mwana, Earl wa 13, akafa mwaka 1717 bila kuoa. Aliyerithi ni dada yake, Mary. Hakuitwa mke wa Earl, Baba. Aliitwa Countess wa Erroll, yaani Earl wa kike, kwa haki yake mwenyewe, wa 14 katika hesabu, na ukonstebo ukawa wake. Mwaka 1745, Prince Charles Edward Stuart alipokuja kudai ufalme wa babu zake, Mary alikuwa mwanamke mtu mzima, na aliwatoa watu wa ardhi yake wakapigane upande wa Prince.

Mary naye hakuzaa. Lakini alikuwa na dada, na dada alizaa binti, na binti huyo aliolewa na lodi wa Kilmarnock, William Boyd, wakazaa wavulana. Mkubwa wao, James, ndiye aliyerithi Mary alipofariki mwaka 1758. Hesabu mwenyewe: cheo kimepita kwa mwanamke, kisha kwa mtoto wa binti wa dada yake. Na James, aliyezaliwa Boyd, akalichukua jina la Hay. Kwa mila zetu huyu ni mtoto wa watu wengine kabisa. Kwao ndiye Earl wa 15 wa Erroll, na hakuna anayemwita mgeni.

Huyu James ana kisa kinachoniuma mpaka leo. Baba yake alikuwa upande wa Prince, yeye mwenyewe alikuwa jeshi la serikali, na wote wawili walikuwa kwenye vita vya Culloden tarehe 16 Aprili 1746. Prince alishindwa. Inasimuliwa kwamba mateka walipopitishwa mbele ya askari, baba yake alikuwa kichwa wazi, kofia imeangukia vitani. James akatoka mstarini mbele ya wakubwa zake, akavua kofia yake, akamvika baba yake, akarudi mahali pake bila kusema neno. Agosti mwaka huo huo baba alikatwa kichwa London, Tower Hill, na cheo cha Kilmarnock kikafutwa. Kwa hiyo James alichopoteza kwa upande wa baba, alikipata kikubwa zaidi kwa upande wa mama.

Nije sasa kwa lodi wako wa Naivasha. Sitaki umdhanie mtu wa kuigwa. Alikuja Kenya mwaka 1924 na mke wake Idina, wakaishi maisha ya ulevi na kunyang'anyana wake ambayo wazee wa huko walikusimulia, na mwaka 1934 alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza. Na ardhi ya Naivasha waliyostareheka walowezi ilikuwa ya Wamaasai, waliohamishwa kwa mkataba wa 1904. Hayo yasisahauliwe kwa sababu mtu ana cheo. Alishitakiwa Mzungu mwenzake, Sir Jock Delves Broughton, mahakama ya Nairobi ikamwachia. Josslyn kazikwa Kiambu.

Aliacha mtoto mmoja tu. Binti. Diana, aliyezaliwa huko huko Kenya mwezi Januari 1926, akaletwa Uingereza angali mdogo na kulelewa na jamaa. Risasi ile ilipopigwa alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 15. Asubuhi hiyo binti huyo wa shule akawa Countess wa 23 wa Erroll na Konstebo Mkuu wa Uskoti.

Na tazama jambo hili, Baba, maana nilipolielewa nilisimama palepale kwenye magofu. Josslyn alikuwa na cheo cha pili, Baron Kilmarnock, ambacho mfalme alimpa babu wa babu yake mwaka 1831 kwa masharti kwamba kirithiwe na wanaume peke yao. Siku aliyokufa, vyeo vyake viligawanyika. Kile kidogo kilimkimbia binti kikaenda kwa Gilbert, ndugu wa kiume wa Josslyn, ambaye alilirudia jina la Boyd. Kile kikubwa, cha karne tano, kilibaki kwa binti. Aliyelala kaburini ni mmoja, tofauti ilikuwa ni yaliyoandikwa kwenye karatasi tu.

Cheo alikuwa nacho, lakini mlango wa Bunge la Malodi ulikuwa umefungwa kwa wanawake waliorithi. Alingoja miaka 22, mpaka sheria ya mwaka 1963 ilipowafungulia, akaingia akakaa kiti chake. Aliolewa mwaka 1946 na Sir Iain Moncreiffe, mtu mwenye jina kubwa na bingwa wa nasaba za Kiskoti. Mtoto wao wa kwanza, Merlin, hakuitwa Moncreiffe. Anaitwa Hay, kwa jina la mama, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mrithi wa Erroll. Mdogo wake ndiye aliyechukua jina la baba. Watoto wa tumbo moja, majina mawili, na baba bingwa wa nasaba aliona ni sawa. Diana alifariki mwaka 1978, na Merlin ndiye Earl wa 24 mpaka sasa.

Yule bibi ninayemhudumia nilipomweleza hayo yote niliyoyaona, na neno lako la barazani, aliniuliza swali moja: "Kwenu, majina ya mabibi huandikwa wapi?" Nikakosa la kumjibu.

Kwa sababu wewe, Baba, ukiulizwa nasaba unataja bin fulani, bin fulani, mpaka unafika kwa babu wa saba aliyetoka Siyu, na husiti hata mara moja. Nimezisikia nasaba zako tangu sijui kusoma. Lakini yule bibi wa Siyu aliyekuwa na jahazi lake mwenyewe, uliyeniambia mara moja tu, usiku wa maulidi, kwamba yeye ndiye aliyejenga nyumba tunayokaa, jina lake silijui. Wala mama yake Nyanya simjui.

Nina ombi. Mle kabatini, chini ya misahafu, kuna daftari lako la safari za lori lenye kurasa nyeupe nyuma. Kaa na Mama, na shangazi akija Ijumaa kaa naye pia, maana yeye anakumbuka zaidi. Mwandike wote, wanaume na wanawake, kila mmoja na alikotoka na alikozikwa. Anza na bibi wa jahazi. Kisha mwishoni tuandike sisi wanne, kwa mkono wako mwenyewe, usimwachie mtu mwingine akuandikie. Mdogo wangu apige picha kila ukurasa anitumie.

Ndani ya bahasha nimekutilia picha ya lile dirisha la Slains. Ukiangalia kwa makini pembeni utaona bahari, na kidoa cheusi ni ndege. Salamu nyingi kwa Mama, kwa shangazi, na kwa ami pia, mwambie nampenda. Kofia ya sufi niliyokuahidi nimeimaliza, Inshallah nitampa mtu anayekuja Mombasa mwezi ujao akuletee.

Ni mimi binti yako wa kwanza