Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mjini Magharibi: Tunaomba mabaraza ya kukalia Forodhani

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Nakuandikia mimi mkaazi wa Fuoni, mama wa watoto, kwa jambo moja: mahala pa kukaa katika Bustani ya Forodhani, pale pwani ya Mji Mkongwe. Naomba lisionekane dogo. Kwa familia nyingi za mkoa huu, Forodhani ndiyo matembezi yenyewe. Gari ya kutupeleka Nungwi au Paje hatuna, na hoteli za huko hazikujengwa kwa mfuko wetu. Tunapanda daladala hadi mjini, tunakatiza Mkunazini na Hurumzi tumeshikana mikono na watoto, hadi pale kichochoro kinapofunguka ukaiona bahari. Hapo mtoto huchopoka akakimbia, na mama hamzuii, kwa kuwa vespa na pikipiki amekwishaziacha nyuma.

Na mlangoni hapana kiingilio. Kariakoo ya hapa kwetu Unguja kuna bembea na mashine za kuzunguka, watoto wanapapenda mno, lakini kila mchezo una bei yake, na mwenye watoto wanne huhesabu mara mbili kabla ya kutoka nyumbani. Forodhani mtu huingia na watoto wake wote, akakaa kuanzia alasiri hadi baada ya isha bila kuulizwa kitu. Sensa ya mwaka 2022 imehesabu watu 893,169 katika mkoa wako, karibu nusu ya Wazanzibari wote, na wengi wetu tunakaa katika nyumba zilizobanana Ng'ambo na pembezoni mwa mji, uwani panatosha kamba ya kuanikia nguo na ndoo za maji basi. Kupunga upepo ni haja ya mtu kama haja nyengine.

Bustani hii imetunzwa na vizazi. Ilitengenezwa miaka ya 1930, enzi za Sultani Khalifa bin Haroub, ikaitwa Jubilee Gardens. Wazazi wetu wakaikuta, wakaizoea, wakatuleta na sisi. Ilipochakaa, nyasi zimekufa na ukuta wa bahari umeliwa na mawimbi, ilifanyiwa matengenezo makubwa na shirika la Aga Khan Trust for Culture, ikafunguliwa tena Julai 2009 ikiwa na taa, njia za kutembelea na sehemu maalumu ya wauza vyakula. Kazi ile ilikuwa nzuri na ninaishukuru hadi leo. Ninachokiomba ni kuiendeleza.

Mheshimiwa, jua likianza kuteremka wachomaji huwasha majiko yao. Mishikaki ya ngisi na pweza hupangwa mezani, mikate ya ajemi ikarundikwa, miwa ikapitishwa kwenye mashine pamoja na ndimu na tangawizi, na mwenye urojo akawa anauliza kila mtu, "Pilipili nyingi au kidogo?" Vijana huvua fulana, wakarudi nyuma hatua kadhaa, wakapiga mbio na kuchupa kutoka ukutani hadi baharini, mmoja kichwa chini, mwengine kajikunja. Watoto hupiga makofi, na wazee hukaripia, lakini nao hawabanduki. Sijui mahala pengine Unguja ambapo mtalii, mchukuzi wa bandarini, bibi harusi mpya na mtoto wa chuoni hutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Sasa lilipo tatizo. Watu wameongezeka, na viti vya kukalia bure havitoshi. Jioni za mwisho wa wiki na siku za Sikukuu, karibu kila pahala pazuri pa kukaa pamewekwa viti vya plastiki vya biashara. Sikukuu ya pili mwaka huu tulikuja na mama mkwe wangu, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kukaa chini. Tulikuwa na hotipoti ya maandazi, bakuli la mbaazi za nazi na buli la chai, kama familia nyingi zinavyokuja. Tulimkalisha kwenye kiti kilichokuwa kitupu. Hakumaliza hata kufungua kifuniko, akaja kijana akatwambia, kwa adabu kabisa, kwamba viti ni vya wateja. Simlaumu. Viti kavinunua, na anatafuta riziki. Lakini yule mama aliinuka, akajitanda vizuri khanga yake, akasema turudi nyumbani, amechoka. Hakuwa amechoka. Watoto walikuwa hawajaonja hata juisi ya miwa, na pesa za mkono wa Idi walikuwa bado wamezifumbata.

Hilo limeniuma, na najua halikunifika mimi peke yangu. Bustani ya umma ikifika hadi mtu mzima hapati pa kukaa ila anunue, basi itakuwa ya umma kwa jina.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni mabaraza. Mji Mkongwe umejengwa nayo. Nyumba nyingi zina baraza mbele, hapo watu wakacheza bao, wakanywa kahawa na kashata, wakapashana habari, na mpita njia akakaa bila kuombwa ruhusa. Yajengwe mabaraza kama hayo Forodhani, ya mawe na chokaa: baadhi chini ya miti, kwa wanaokuja alasiri na watoto wachanga jua likiwa bado kali, na mengine yaelekee bahari. Kimo kiwe cha goti, mzee akae na kuinuka bila kushikwa. Upana umtoshe mtu kukaa huku sinia la chakula liko pembeni yake. Juu pawe na mwinamo kidogo, ili mvua za masika zisituamishe maji.

Nasema mawe kwa sababu mbili. Chuma hapo pwani huliwa na chumvi, na mbao huoza au hung'olewa. Halafu baraza halibebeki. Hakuna atakayelikusanya jioni akalipanga mbele ya meza yake, wala atakayesema ni la wateja. Na kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kila kinachojengwa hapo hutazamwa na wataalamu wa hifadhi. Baraza haliwezi kuwa geni mbele ya Ngome Kongwe. Tena mafundi wetu wanaojua kuchanganya chokaa wangepata kazi, na vijana wakajifunza kwao. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, ilipoanguka Disemba 2020, hapo hapo ng'ambo ya barabara, sote tunajua namna ufundi huo unavyohitajika.

Wauza vyakula wasihamishwe, nalisisitiza hilo. Forodhani bila moshi wa mishikaki si Forodhani, na watoto wa watu wanasomeshwa skuli kwa majiko yale. Nachoomba ni mpaka unaoonekana: hapa meza na viti vya biashara, kule pa wananchi kukaa, na anayesimamia alinde mpaka huo hata usiku wa Sikukuu, khasa usiku wa Sikukuu. Pia choo kiwe wazi na chenye maji mpaka watu wa mwisho waondoke. Mwenye mtoto mdogo au mzazi mwenye sukari anaelewa kwa nini nalitaja.

Mheshimiwa, tafadhali njoo mwenyewe jioni ya Jumamosi moja, baada ya alasiri, pamoja na familia yako, mtafute pa kukaa. Kisha uwaite wahusika wa bustani, wauza vyakula, wazee wa Mji Mkongwe na sisi akina mama wa Ng'ambo, tukae kikao kimoja. Jibu lako, liwe la kukubali au la kukataa, naomba litolewe hadharani, kwa kuwa wanaolisubiri ni wengi kuliko mimi niliyeandika.

Wassalaam,
Mama wa Fuoni