YAH: SPONJI MLIYONIBANDIKIA STUDIO HAIJAGUSA BESI

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Tarehe 3 mwezi uliopita mafundi wenu walikuja studio kwangu, Sinza, wakabandika sponji ya inchi moja kuta zote nne za chumba cha kumiksia, wakaondoka na shilingi 1,850,000. Risiti yenu, ambayo nakala yake naambatanisha, inasema kazi ni "kurekebisha sauti ya chumba, besi ikiwemo".

Mwangwi wa makofi umekufa, hilo sikatai. Besi iko palepale. Chumba changu ni mraba, mita 3.4 kwa 3.4, mafundi walikipima wenyewe kwa futi kamba. Kwenye chumba cha hivyo, wimbi la sauti la hezi 50, yaani mlio mzito wa besi, linajirundika urefu na upana kwa pamoja. Halafu wakapiga alama ya chaki katikati kabisa, wakasema kiti kikae hapo. Hapo ndipo wimbi hilo linapopotea! Nilipiga mlio wa hezi 50 peke yake nikiwa kitini: karibu kimya. Nikaweka glasi ya maji sakafuni kwenye kona ya mlango, maji yakawa yanacheza.

Kwa kuwa siisikii besi, naipandisha. Wiki jana msanii wa singeli kanirudishia kazi: kwenye gari kiki (ngoma ile ya besi) inanguruma mpaka maneno hayasikiki. Nimemiksi upya mara mbili, bure. Wimbi hilo la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Inchi moja ya sponji italifanya nini? Kijana wenu wa mauzo alinishauri niongeze sponji juu ya sponji. Kwa bei ileile, lakini.

Kuna jambo zito zaidi. Kipande kimoja kilibanduka chenyewe kwa joto (gundi nayo!), nikakipeleka uani nikakiwashia kiberiti. Kilidaka papo hapo, kikadondosha matone yanayowaka, moshi mweusi tii. Februari 2003, sponji ya ukutani ilishika cheche za fataki kwenye klabu ya The Station, Rhode Island, Marekani, wakafa watu 100. Chumba changu kina mlango mmoja, na nyaya zimetapakaa kila mahali.

Nataka mje mbandue sponji yote, kisha kona zote nne mjenge paneli za pamba nzito ya mawe (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa), unene usiopungua sentimita 15, na nyuma yake mwache nafasi ya hewa. Kiti nacho kitoke katikati. Kama hamwezi, nirudishieni fedha zangu zote ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, malalamiko haya nitayapeleka Tume ya Ushindani.

Mkija, pigeni simu kwanza, mchana huwa narekodi. Na yule kijana wa mauzo abaki ofisini.

Wenu,
Mmiliki wa studio,
Sinza, Dar es Salaam.