Barua ya mwaliko iseme fundi anakuja kufanya nini

Mhariri,

Kompresa ya chumba baridi ikifa katika kiwanda cha minofu ya sangara, samaki hawasubiri. Ndiyo maana barua nyingi za kumwita fundi kutoka nje huandikwa usiku, mbiombio, mistari mitatu tu: “Tunamwalika mgeni wetu aje kututembelea.” Mistari hiyo ndiyo inayomkwamisha fundi kwa maofisa wa Uhamiaji Dar es Salaam huku kiwanda kikimsubiri Mwanza. Tunaomba nafasi tuwaeleze wenzetu wa viwanda, karakana za meli na migodi ya Kanda ya Ziwa namna ya kuliandaa jambo hili, maana hasara yake tunaiona na inaepukika.

Kosa la kwanza ni aina ya viza. Viza ya kawaida, dola 50 za Marekani kwa wageni wengi, ni ya mtalii, mgonjwa anayefuata matibabu au mtu anayetembelea ndugu. Viza ya biashara ni dola 250, haizidi siku 90, na ndiyo ya mtaalamu mwenye kazi fupi: kutengeneza mtambo, kuufunga, kufundisha waendeshaji. Wapo wanaomshauri mgeni aombe ile ya dola 50 kwa kuwa “anakaa wiki moja tu”. Wanamponza. Kinachotazamwa ni kazi, si wingi wa siku. Akikutwa ndani ya ovaroli, spana mkononi, na pasipoti yake ina viza ya matembezi, mgeni ana kosa na mwenyeji aliyemwita naye ana la kujibu. Kama kazi itapita miezi mitatu, hiyo ni habari ya kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na huanza mapema zaidi.

Sasa barua yenyewe. Iandikwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, isainiwe na mkurugenzi au meneja ambaye cheo chake kimeandikwa, na namba ya simu iwe ya mtu anayepokea hata saa nane usiku. Ndani yake liwemo jina la mgeni, uraia, namba ya pasipoti, kampuni inayomtuma, tarehe za kuingia na kutoka, mahali atakapolala, na nani analipa nauli na malazi. Halafu sentensi inayobeba barua nzima, ile ya kazi. Msiandike “shughuli za kibiashara”. Andikeni hivi: “Anakuja kubadilisha beringi na sili za kompresa mbili za amonia katika kiwanda chetu kilichopo Ilemela, kuanzia tarehe 4 hadi 15 Mei, na kuwafundisha mafundi wetu wanne.” Ofisa akisoma hivyo hana la kuuliza. Ambatanisheni cheti cha usajili wa kampuni, leseni ya biashara, namba ya mlipakodi (TIN), na nakala ya mkataba au oda ya kazi hiyo.

Jina linastahili uangalifu wa peke yake. Nakilini herufi kwa herufi kutoka ukurasa wa picha wa pasipoti, si kutoka kwenye barua pepe. Wachina wengi hutanguliza jina la ukoo, na baadhi ya Wahindi wana pasipoti yenye jina moja tu. Mkipindua majina kwenye barua, viza ikatoka hivi na tiketi ikasoma vile, atazuiwa kwenye kaunta ya shirika la ndege kabla hajaiona Tanzania. Tarehe nazo: 03/04 kwa Mmarekani ni Machi 4, kwetu ni Aprili 3. Andikeni mwezi kwa maneno. Pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai.

Maombi hufanywa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Uhamiaji. Mpeni mgeni nyaraka zote mwezi mmodi kabla ya safari. Zipo nchi ambazo raia wake hawapewi viza mpaka idhini itoke kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji; kwa hao anzeni miezi mitatu kabla, na tiketi isinunuliwe kwanza.

Wengi husahau kwamba mgeni akiunganisha ndege Dar es Salaam, Uhamiaji na Forodha anamalizana nao huko huko. Kumsubiri uwanja wa Mwanza na faili mkononi hakumsaidii. Barua na viambatanisho viwe kwenye begi lake la mkononi, vimechapwa, kwa sababu simu huzima. Anayekuja kwa barabara kupitia Sirari au Mutukula aambiwe mapema kwamba ile viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda haitumiki kwetu. Aambiwe pia kuhusu kadi ya njano: anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, au aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa ndege wa nchi hiyo, hudaiwa kadi hiyo. Kenya, Uganda na Ethiopia zimo. Chanjo huhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanjwa jana yake hakutoshi.

Kisha sanduku la vifaa. Fundi akifungua mezani kwa Forodha mashine ya kupimia mtetemo, geji za presha na spea mpya zikiwa bado kwenye makaratasi yake, bila orodha, vyote vinaonekana ni bidhaa. Tengenezeni orodha yenye namba ya kila kifaa na thamani yake, mkitenga kinachorudi na kinachobaki. Kinachorudi huombewa uingizaji wa muda, ambao huweza kudai dhamana. Spea zinazobaki hulipiwa ushuru, na ni afadhali zipitie kwa wakala wa forodha. Droni asibebe bila vibali. Vifaa vyake viwe vya volti 230 na hezi 50. Kutoka Marekani huja vya 120 na 60.

Wahasibu nao wahusishwe kabla mkataba haujasainiwa. Malipo ya huduma kwa kampuni ya nje hukatwa kodi ya zuio asilimia 15. Ankara ikiwa dola 10,000, zinakwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) 1,500. Kama mlikubaliana wapokee 10,000 kamili, mzigo unahamia kwenu: gawanyeni kwa 0.85, gharama inakuwa dola 11,764.71, na kodi ni 1,764.71. Hoteli na teksi mgeni alipe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kuuziana huduma humu nchini kwa fedha za kigeni.

Tunaiomba ofisi ya Uhamiaji ya mkoa ibandike ukutani mfano wa barua ya mwaliko iliyokamilika, pamoja na orodha ya viambatanisho, na TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, iusambaze kwa wanachama wake. Ukurasa mmoja unatosha, na uwafikie pia wenye karakana ndogo za Nyakato ambao hawana mwanasheria wa kumuuliza.

Waandaaji wa nyaraka za mafundi wageni,
Mwanza